Eliabu Naye Ni Mwana wa Yese

Maandiko: 1 Samweli 16:1–13 na 19, 17:12–30, 22:1, 30:21–25, 2 Mambo ya Nyakati 11:18



Jumapili nilianza kwa kuuliza: nani hapa amewahi kusimama juu ya barafu? Si ile ya kwenye friji, barafu ya kusimama na viatu. Ibada nzima mikono mitatu tu ndiyo iliinuka, mmoja wao wangu. Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka vijana pale Panari, Barabara ya Mombasa, ambako hoteli ina uwanja wa barafu ndani kwa ndani tangu 2005. Ukitoka Donholm na gari zuri hata saa nzima haiishi. Wanakuvalisha viatu vyenye kisu cha chuma chini, halafu wanakuachilia. Nilianguka mara ambazo sitazitaja hapa. Kuna vijana wa kanisa hili wana video, nami nawaomba kwa upendo wa Kristo wazifute.

Kwenye barafu hiyo hiyo kuna Wakenya wanaocheza hoki, timu inayoitwa Ice Lions. Kwa miaka mingi timu hiyo ilifanya mazoezi bila mpinzani. Nchi nzima hakukuwa na timu nyingine ya kucheza nayo, kwa hivyo walijigawa wakacheza wao kwa wao. Mwaka wa 2018 kampuni ya Kanada ya kuuza kahawa, Tim Hortons, iliwasafirisha hadi Kanada, na huko ndiko walikutana na timu nyingine kwa mara ya kwanza. Nyota wawili wakubwa, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, walivaa jezi ya Ice Lions wakacheza upande wao. Mwaka wa 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hao vijana wanastahili mahubiri yao siku nyingine.

Leo nataka tuongee kuhusu familia moja ya Mkenya, na sababu ni deni ninalodaiwa na mtu wa kanisa hili.

Mnakumbuka miezi miwili iliyopita nilihubiri kuhusu Daudi, kichwa kilikuwa “Zamu Yako Inakuja”. Mlipiga makofi, nikasikia raha. Baada ya ibada ndugu mmoja alinisubiri nje, karibu na lango. Sitasema jina lake. Ni mzaliwa wa kwanza kwao. Aliniambia hivi: “Pastor, mimi ndiye niliacha shule Form Two ili mdogo wangu asome. Nimebeba mizigo Gikomba, nikamlipia karo mpaka akamaliza chuo. Sasa yuko ng'ambo, ameomoka. Mimi bado nauza mitumba, na mwezi huu nimefungiwa nyumba. Nimefunga, nimeomba, nimetoa fungu la kumi. Zamu yangu ilipita saa ngapi?”

Nami nikamjibu nini? Nikamwambia, “Ndugu, panda mbegu nyingine, msimu wako unakuja.” Nikampiga bega nikaingia kwenye gari la mtu aliyekuwa ananipeleka kula. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona bado amesimama pale pale.

Mimi nilisomea biashara. Darasani tulifundishwa kwamba ukiweka mtaji kiasi fulani, kwa muda fulani, utarajie faida kiasi fulani, na ikikosekana tafuta kosa liko wapi. Ni hesabu nzuri kwa duka. Niliipandisha nayo madhabahuni bila kujua, na siku ile nilimwambia ndugu yetu, kwa maneno ya kiroho, kwamba kosa liko kwake.

Sasa sikilizeni vile Mungu alinikamata.

Nilikuwa natafuta mfano wa kuendeleza yale mahubiri. Nikakutana na Johnny Oduya. Hata hilo jina pekee linawaambia kitu. Baba yake ni Mkenya, mama yake ni Mswidi, naye alizaliwa Stockholm mwaka wa 1981. Alikuwa mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu, beki, na alicheza zaidi ya mechi 800 kwenye NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada.

Kule kila mwaka timu zinakaa chini na kuita majina ya vijana mmoja mmoja. Wa kwanza kuitwa ndiye anayeaminiwa kuliko wote. Mwaka wa 2001 wa kwanza kuitwa alikuwa Mrusi anaitwa Ilya Kovalchuk. Atlanta ndio walimchukua. Oduya naye aliitwa mwaka huo huo, na Washington. Alikuwa wa ngapi? Wa 221. Kufika hapo hata waandishi wa habari nadhani walikuwa wameenda chai.

Na kuitwa hakukumsaidia sana. Washington, waliomwita, hawakumchezesha hata dakika moja. Alirudi Uswidi akaanzia ligi ya chini na Hammarby, akaenda Djurgården, akaenda Frölunda. Miaka mitano. Ni mwaka wa 2006 tu ambapo timu nyingine kabisa, New Jersey Devils, ilimpa kazi.

Watu wa Mungu, mnaona Daudi hapo? Samweli alimpaka mafuta katikati ya ndugu zake, mafuta bado yanateremka shingoni, halafu nini? Sisi wahubiri tunaruka moja kwa moja hadi Goliathi. Someni mstari wa 19. Sauli anapotuma wajumbe kwa Yese, anamwuliza kuhusu mwanawe aliye na kondoo. Ameshapakwa mafuta na bado yuko na kondoo! Aliyeitwa mfalme analala nje na wanyama, ananuka vile vile alivyonuka jana.

Basi nikaendelea kusoma habari za Oduya na kila kitu kilikuwa kinaingia kwenye mahubiri yangu kama sukari kwenye chai. Mwaka wa 2009 Devils wakampa mkataba wa miaka mitatu, dola milioni 10.5. Hapo unasema amefika, si ndiyo? Miezi saba baadaye, Februari 2010, Devils wakamtaka mtu fulani kutoka Atlanta, na Oduya akawekwa kwenye malipo pamoja na wengine. Yaani alikuwa sehemu ya pesa. Unajua aliyenunuliwa alikuwa nani? Kovalchuk. Yule namba moja. Namba 221 akatumika kama chenji ya kumnunulia namba moja, akaenda kwenye timu iliyokuwa inahangaika, timu ambayo mwaka wa 2011 iliuzwa ikahamia Winnipeg.

Februari 2012 akahamishwa tena, sasa Chicago. Juni 2013 Chicago wako fainali dhidi ya Boston, ugenini, mechi ya sita. Imebaki dakika moja na sekunde 16, Chicago wako nyuma mabao 2 kwa 1. Bryan Bickell akasawazisha. Watu hawajakaa chini, sekunde 17 baadaye, beki Oduya yuko mbali na lango, anapiga. Kile kidude cheusi cha mpira kikaguswa njiani na Michael Frolik, kikagonga mlingoti, kikamwangukia Dave Bolland mbele ya lango, naye akakisukuma ndani. Mabao 3 kwa 2. Kombe la Stanley. Mwaka wa 2015 wakalichukua tena.

Na Kovalchuk? Hakulishinda hata mara moja. (Msimlilie sana, ana medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 2018.)

Mnaona mahubiri hayo yalivyokuwa matamu? Wa mwisho amekuwa wa kwanza, wa kwanza amekuwa wa mwisho. Nilikuwa nimeshaandika kichwa kwa herufi kubwa. Ilikuwa Ijumaa usiku, nikasema ngoja nisome kidogo zaidi nijue kama ana ndugu.

Alikuwa na kaka. Fredrik Oduya, mkubwa wake kwa miaka sita hivi. Baba mmoja, nyumba moja, mchezo ule ule, naye beki. Fredrik aliitwa na timu ya NHL, San Jose Sharks, mwaka wa 1993. Hebu fikiria, Johnny alikuwa na umri wa miaka 11 tu. Fredrik akavuka bahari kwanza. Akacheza ligi za chini kule Amerika Kaskazini. Mechi ya NHL hakucheza hata moja. Na mwaka wa 2011 alifariki katika ajali ya pikipiki, kabla hajaona mdogo wake akiinua kombe.

Nilifunga simu. Yale mahubiri yalikuwa yameisha hapo hapo.

Kwa sababu nilimwona ndugu yetu pale langoni. Ningesema nini? Kwamba Fredrik hakupanda mbegu? Kwamba hakungoja msimu wake? Sijui hata kama alikuwa mtu wa maombi, na sitasimama hapa nijifanye najua. Najua tu kwamba kanuni yangu ilikuwa na mahali pa Johnny, na Fredrik haikuwa na pa kumweka. Na kanuni ambayo haina pa kumweka ndugu mmoja kati ya wawili, wapendwa, hiyo si injili. Hiyo ni bahati nasibu yenye nyimbo.

Hapa Eastlands kila ploti ina Fredrik wake. Ni yule dada aliyeolewa mapema ili mahari isomeshe kaka. Ni yule kijana aliyeanza kufanya mjengo akiwa na miaka 16, leo mgongo umekwisha, na wadogo zake wakija Krismasi wanaongea Kizungu mbele yake. Wengine walikufa barabarani na bodaboda kabla ya kuona matunda. Tunawazika Langata, tunarudi, Jumapili tunaimba kuhusu walioinuliwa. Hatujawahi kuwahubiria.

Kwa hivyo nikarudi kwenye Biblia kumtafuta Eliabu.

Tunamjua Eliabu kwa vitu viwili tu. Cha kwanza, ni yule mrefu ambaye Samweli alimtazama akadhani ndiye, na Mungu akamwambia asiangalie kimo. Cha pili, ni yule aliyemkasirikia Daudi kule vitani. Tukishasema hayo mawili tunamtupa. Nimemtupa mimi mwenyewe kwenye madhabahu hii, mara nyingi, nikimwita kaka mwenye wivu.

Lakini soma sura ya 17 polepole. Eliabu yuko wapi? Yuko mstari wa mbele. Goliathi anakuja asubuhi na jioni kwa siku 40, na Eliabu anasikia matusi hayo siku zote 40. Daudi anakuja siku moja na mkate, na bisi, na jibini za kumpa mkubwa wa kikosi, kama kijana wa deliveri. Halafu huyo kijana ndiye aliyepakwa mafuta mbele ya macho yako. Kusema kweli, wewe ungemwambiaje? Simtetei. Maneno yake yalikuwa mabaya. Nasema tu kwamba yalikuwa maneno ya mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka tunamjua, wengine wetu tunalala naye chumba kimoja.

Sasa fungueni 22:1, na hapa ndipo nilipotokwa na machozi pale mezani. Daudi amemkimbia Sauli, hana ikulu, hana jeshi, yuko pangoni Adulamu. Nani wanashuka kumfuata? Ndugu zake na nyumba yote ya baba yake. Ndugu zake! Biblia haituambii kwamba Eliabu alibaki nyumbani. Wakati Daudi ana mafuta kichwani, Eliabu alinuna. Wakati Daudi hana chochote ila pango, Eliabu alifunga virago akashuka. Huyo ndiye tunayemwita kaka mwenye wivu.

Na si hayo tu. 2 Mambo ya Nyakati 11:18. Ni mstari wa orodha ya majina, mistari ile tunairuka tukisoma Biblia kwa mwaka mmoja. Unasema mfalme Rehoboamu, mjukuu wa Daudi, alimwoa Mahalathi. Mahalathi ni binti ya nani? Baba yake ni Yerimothi, mwana wa Daudi. Mama yake ni Abihaili, binti ya Eliabu, mwana wa Yese. Eliabu, ambaye mafuta yalimpita, binti yake aliolewa na mwana wa mfalme na mjukuu wake akawa mke wa mfalme. Mungu hakumwandikia hadithi ya kombeo. Lakini jina lake hakulifuta, na ameandikwa pale kama mwana wa Yese, kamili, sawasawa na Daudi.

Ngoja niwape kitu kimoja cha huo mchezo, kwa sababu kilinifundisha. Kwenye hoki ya barafu, ukifunga bao unahesabiwa pointi moja. Lakini hata waliokupa mpira, mpaka watu wawili wa mwisho walioupitisha, kila mmoja anaandikiwa pointi moja. Si nusu. Moja, sawa na aliyefunga. Lile bao la Bolland dhidi ya Boston, Oduya anahesabiwa sawa naye. Johnny mwenyewe, katika miaka yote ile, mabao yake hayafiki 50. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kuzuia, kuzuia, na kumpa mwingine.

Daudi aliifanya sheria kabla ya hao watu wa Kanada. 1 Samweli 30: watu 200 walichoka wakabaki kijito cha Besori na mizigo. Waliopigana waliporudi na mateka, baadhi yao wakasema hawa wasipewe kitu ila wake na watoto wao. Daudi akakataa. Aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo wagawane sawa, na ikawa amri katika Israeli. Nani alimfundisha Daudi hayo? Nadhani (na hapa ni mimi nadhani, si Biblia) alikumbuka nyumba ya Yese.

Sasa nina neno na nyinyi akina Johnny. Mko wengi humu, hata kama mnajiona bado. Wewe uliye na kazi ya ofisi, wewe uliyepata viza, wewe uliyehama Kayole ukaenda upande ule mwingine wa mji. Kuna mtu alivuka bahari kabla yako. Jina lenu la ukoo ni moja. Kombe la Stanley huchongwa majina ya washindi kwenye chuma, na jina la Oduya limo mara mbili, na hilo Oduya lilikuwa la Fredrik pia. Mkubwa wako unamjumlisha wapi? Ukisimama hapa mbele kutoa ushuhuda, tunasikia Mungu, tunasikia maombi ya siku 21, tunasikia bosi mzuri. Wa Gikomba hatumsikii. Kuanzia mwezi ujao, mimi ndiye napanga shuhuda, na kila mtu kabla ya kushika maikrofoni nitamwuliza: nani alikulipia karo? Kama yuko hai, aje asimame na wewe. Kama hana nauli, nauli si ndiyo ushuhuda wenyewe?

Na tafadhali, usimtumie elfu moja kwa simu na ujumbe wa “barikiwa”. Mpigie. Nenda. Eliabu alishuka pangoni kwa miguu.

Wengine mmeniuliza baada ya ibada: kwa hivyo Pastor, tusitarajie tena? Tusiombe? Mimi nitaomba na wewe kazi, viza, mtoto, mpaka nikauke koo, na nimeona Mungu akijibu katika kanisa hili, mashahidi mko hapa. Ila sitakuambia tena kwamba nikiona hujajibiwa nimejua sababu. Sijui sababu. Samweli mwenyewe, nabii aliyekuwa na pembe ya mafuta mkononi, alikosea akamtazama mtu asiye. Mimi nina digrii na maikrofoni.

La mwisho ni lako, ndugu wa pale langoni. Hujaonekana Jumapili nne. Mtu wako wa ushirika wa nyumbani ameahidi kukufikishia karatasi hii. Siku ile uliniuliza swali la kweli nikakupa jibu la dukani, nami naomba unisamehe. Habari ya nyumba kufungwa nimewaambia wazee, bila jina lako, na kuna kitu kimepatikana cha kuifungua. Si mkopo. Swali lako bado sina jibu lake, kwa hivyo sitakuja na jibu. Nitakuja Jumanne saa nane mchana, wakati wateja wamepungua, nimeshauliza kibanda chako kiko wapi. Kama kuna robota la kufungua, niachie upande mmoja nishike.